Tajiri, Dada Yake na Mti wa Mgunga: Kisa cha Viwanda vya Nguo vya Ahmedabad, 1918

Aya ya 47 katika sura ya 2 ya Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, imekuwa kipenzi cha watoa semina za uongozi. Kwa ufupi inasema kwamba haki ya mtu iko katika kazi yenyewe wala si katika matunda yake, kwamba matunda hayo yasiwe ndiyo yanayomsukuma, na kwamba asije kwa sababu hiyo akapenda kukaa bure. Katika kumbi za hoteli aya hii husomwa mbele ya wafanyakazi ili watulie, wapunguze manung'uniko na waipende kazi kwa ajili ya kazi. Mara nyingi anayeisoma ni yule ambaye matunda yake yamekwisha kuingia benki.

Gita, hata hivyo, haikusemwa kwa kibarua. Mungu Krishna anazungumza na Arjuna, mpiganaji mkuu aliyesimama kwenye gari la vita kati ya majeshi mawili, mwenye upinde wake na watu wengi nyuma yake wanaongoja aamue. Sura moja mbele, katika aya ya 21, anaambiwa jambo ambalo watoa semina hulipita haraka: anachokifanya mkubwa ndicho wanachokifanya wengine, na kipimo anachojiwekea ndicho watu wanachokifuata. Zikisomwa pamoja, aya hizi mbili zinamwelekea kwanza mwenye madaraka. Kisa ninachokichambua hapa ni cha mwaka 1918, na nimekichagua kwa sababu ndani yake hekima ya kale ya India ilitumiwa na pande zote mbili za mgogoro wa mishahara, mbele ya watu wenye njaa, na inawezekana kuona ilisaidia wapi na iliharibu wapi.

Ahmedabad, katika Gujarat, ni mji wa nguo. Kiwanda chake cha kwanza cha kisasa kilianza kazi mwaka 1861, kikianzishwa na Ranchhodlal Chhotalal, na kufikia vita vya kwanza vya dunia moshi wa viwanda ulikuwa umeufunika ukingo wa mto Sabarmati. Mwaka 1917 tauni iliingia mjini na watu wakaanza kukimbilia vijijini. Ili mitambo isisimame, wenye viwanda waliwapa wafumaji posho ya tauni, ambayo kwa baadhi yao ilizidi asilimia 70 ya mshahara. Tauni ilipopungua, mapema mwaka 1918, matajiri wakatangaza kwamba posho inakoma. Kwa hesabu yao walikuwa sahihi, kwa kuwa sababu ya posho ilikuwa imekwisha. Kwa hesabu ya mfumaji mambo yalikuwa mengine kabisa, maana vita vilikuwa vimepandisha bei ya nafaka na mafuta, na ile posho iliyoitwa ya tauni ndiyo iliyokuwa ikiweka chakula juu ya moto. Wafumaji wakadai nyongeza ya asilimia 50 badala yake.

Aliyekuwa mbele upande wa wenye viwanda ni Ambalal Sarabhai, mwenye Calico Mills, kijana wa chini ya miaka 30. Aliyesimama na wafanyakazi ni Anasuya Sarabhai, dada yake wa tumbo moja. Wawili hawa walifiwa na wazazi wakiwa wadogo. Anasuya aliozwa akiwa na miaka 13, ndoa haikudumu, na baadaye alikwenda London kusoma, ambako alikutana na mawazo ya kijamaa. Aliporudi alifungua shule kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi. Mwenyewe aliwahi kusimulia asubuhi moja alipokuwa uani na kuona kundi la wanawake wakipita kama waliolala macho wazi. Alipowauliza wana nini, walimjibu kwamba ndiyo kwanza wametoka kazini, na kwamba walikuwa wamefanya kazi saa 36 mfululizo. Wafanyakazi walimwita Motaben, yaani dada mkubwa, na jina hilo halikuwa la heshima tu, kwa sababu dada mkubwa ana mamlaka ndani ya nyumba ambayo wakili au mwanasiasa hana.

Anasuya ndiye aliyemwandikia Mohandas Gandhi, ambaye wakati huo alikuwa Champaran akishughulikia matatizo ya wakulima wa nili. Gandhi alikuwa na mafungamano na pande zote mbili. Miaka mitatu nyuma, alipoikaribisha familia ya wale walioitwa wasioguswa, watu wa chini kabisa katika mpango wa matabaka, katika ashramu yake, yaani makao yake ya kiroho, wafadhili walimkimbia hadi sanduku likabaki tupu. Siku moja tajiri mmoja akafika na gari, akampa noti za rupia 13,000 na kuondoka. Tajiri huyo alikuwa Ambalal. Kwa hiyo, kabla mgogoro haujaanza, msuluhishi alikuwa anadaiwa fadhila na mmoja wa wagomvi, na alikuwa rafiki yake.

Gandhi alilichukua suala hili akiwa na usomaji wake wa Gita, na ni vyema kulitazama kwa karibu chimbuko la usomaji huo. Alipokuwa mwanasheria Afrika Kusini alikuwa akibandika karatasi zenye aya za Gita ukutani na kuzikariri kila asubuhi wakati wa kupiga mswaki, jambo lililomchukua dakika 15, na kwa njia hiyo akahifadhi sura 13. Maneno mawili yalimkaa rohoni: aparigraha, yaani kutojilimbikizia mali, na samabhava, yaani kuwa na moyo ule ule katika hali zote. Alijiuliza mtu mwenye familia na bima ya maisha anawezaje kutojilimbikizia. Jibu alilipata, kwa kukiri kwake mwenyewe, katika sheria ya Kiingereza aliyoisomea, mahali panapoeleza wajibu wa mdhamini anayeshika mamilioni bila kuhesabu hata senti moja kuwa yake. Sisi tungesema mali ni amana. Nalitaja hili kwa sababu mengi yanayouzwa leo kama hekima safi ya kale yamepita katika mikono mingi kama hii, na hayakupungua thamani kwa kupita huko.

Katikati ya Februari pande mbili zilikubaliana kupeleka suala kwa baraza la usuluhishi. Wafanyakazi wachache, kwa kutoelewa, wakaacha kazi kabla baraza halijakutana. Gandhi alikiri kosa hilo kwa niaba yao na kuomba lisamehewe, lakini wenye viwanda waliona wameachiliwa kutoka kwenye ahadi yao, na tarehe 22 Februari wakafunga milango na kuwaacha wafumaji nje. Hoja yao ilikuwa na mizizi mirefu. Walisema uhusiano wao na wafanyakazi ni wa mzazi na mtoto, sasa mtu wa tatu anaingiaje kati ya mzazi na mwanawe, na usuluhishi una nafasi gani hapo.

Hapa ndipo kisa kinapokuwa na faida kwa yeyote aliyewahi kuambiwa na mkuu wake wa kazi kwamba sisi hapa ni familia. Hoja ya Gandhi nayo ilianzia pale pale. Katika vikaratasi vilivyochapishwa mfululizo wakati wa mgogoro na kusomwa mbele ya wafanyakazi, aliukumbusha utamaduni wa zamani ambao mtumishi alihesabiwa mmoja wa nyumba, akishiriki shida na raha ya tajiri wake, na akautofautisha na mtindo wa kila upande kuvuta kwake bila huruma. Picha ilikuwa moja, mzigo ukawekwa pande mbili tofauti. Kwa wenye viwanda, familia ilimaanisha mtoto hapelekei mgeni mashtaka ya baba. Kwa Gandhi ilimaanisha baba hawezi kula akashiba wakati mtoto analala njaa. Neno familia peke yake halimlindi mfanyakazi hata chembe. Mtu anataka kujua limeweka wajibu juu ya nani, na nani atamwuliza baba akishindwa kuutimiza.

Maandiko ya kale yenyewe yana sehemu zinazolijua hilo vizuri. Arthashastra, kitabu cha utawala kinachohusishwa na Kautilya, kinasema furaha ya mfalme imo katika furaha ya raia wake, na msemo huo hupambwa sana kwenye maofisi. Lakini kitabu hicho hakikuishia kwenye msemo. Kina sura nzima juu ya msimamizi wa uzi, inayoeleza ujira upangwe kwa ubora wa uzi na wingi wake, kazi ya siku za sikukuu iambatane na zawadi, na msimamizi anayechelewesha ujira atozwe faini. Msimamizi anayemkodolea macho mwanamke aliyeleta uzi wake alfajiri, au kumzungumzisha mambo yasiyohusu kazi, naye ana faini yake. Sura hiyo hiyo inaagiza kwamba aliyechukua ujira na asifanye kazi akatwe kidole gumba. Anayetaka kuichukua Arthashastra kama mwongozo wa furaha kazini basi aisome hadi hapo. Gandhi hakuitegemea, hati yake ilikuwa imetokea tena Mysore mwaka 1905 tu, baada ya kupotea karne nyingi. Ninaileta kwa sababu inaonyesha kitu ambacho Ahmedabad ilikihitaji mwaka 1918: adhabu kwa msimamizi anayechelewesha, iliyoandikwa, isiyotegemea wema wa moyo wake.

Gandhi na wenzake, akiwamo Vallabhbhai Patel na Shankerlal Banker, walilinganisha mishahara ya Ahmedabad na ya Bombay, wakapima kupanda kwa bei, na kufikia asilimia 35. Wenye viwanda walisema 20. Wafanyakazi walidai 50, kwa hiyo hatua ya kwanza ya kiongozi wao ilikuwa kuwashusha wao. Jambo hili husahaulika. Mtu anayeanza kwa kupunguza madai ya upande wake mwenyewe hadi kiwango anachoweza kukitetea kwa hesabu amejiwekea kipimo kabla ya kumwekea mpinzani, na hivyo ndivyo aya ya 21 inavyoonekana ikitolewa kwenye karatasi na kuingizwa kwenye mishahara. Kisha wafumaji wakala kiapo: hawatarudi kazini bila asilimia 35, na katika muda wote huo hawatafanya fujo, hawatatukana, hawatapora wala kuharibu mali ya tajiri.

Kila siku maelfu walikutana chini ya mti wa mgunga ukingoni mwa Sabarmati. Waliandamana mjini na bendera yenye maneno Ek Tek, yaani shika kiapo. Gandhi alikataa kuwagawia fedha za msaada, kwa maoni kwamba mgomo unaolishwa na sadaka hauna uti wa mgongo, na akawatafutia vibarua. Ashramuni kulikuwa na shule ya ufumaji inayojengwa, na msingi wake ulihitaji kujazwa mchanga. Anasuya, binti wa nyumba ya matajiri, alijitwisha kikapu cha kwanza kichwani, na nyuma yake mstari wa wafumaji ukawa unapanda kutoka kwenye bonde la mto, kikapu baada ya kikapu. Katika kisa chote hiki hakuna tendo la uongozi ninaloliheshimu kuliko hilo, na halikuhitaji hotuba.

Wiki mbili za kwanza zilipita vizuri, kisha mambo yakaanza kulegea. Tarehe 12 Machi wenye viwanda wakafungua milango na kutangaza kwamba atakayekubali asilimia 20 aingie. Wengine waliingia. Mmoja wa watu wa Gandhi alipokwenda kwenye nyumba za kupanga kuwahimiza waje mkutanoni asubuhi, alijibiwa kwa uchungu kwamba Gandhi na Anasuya hawana shida, wao huja na kuondoka kwa gari na kula vizuri, ilhali sisi tunakufa, na kwenda mkutanoni hakuzuii njaa.

Malalamiko hayo yalikuwa ya haki, na yaligonga mahali penyewe. Kikapu cha mchanga kilikuwa kimesema jambo moja, gari likawa linasema lingine, na watu husoma vyote viwili. Kiongozi aliyewataka wafuasi wavumilie matunda yasiyoonekana alikuwa hajaonyesha yeye mwenyewe amekosa nini. Tarehe 15 Machi, mbele ya mkutano uliokuwa umepungua na kukata tamaa, Gandhi akatamka, bila kupanga kwa maelezo yake, kwamba hatagusa chakula hadi suluhu ipatikane au wafumaji wote waache kazi ya viwanda. Watu walilia. Wakasema wafunge wao, si yeye. Akawaambia wao watosheke na kushika kiapo chao.

Kwa upande wa wafanyakazi, kufunga kule kulifanya kazi yake: aliyekuwa akila vizuri sasa alikuwa na njaa kuliko wao. Kwa upande wa pili kulikuwa na kasoro, na wa kwanza kuitaja alikuwa Gandhi mwenyewe. Ambalal alikuwa rafiki yake. Rafiki hawezi kukaa akihesabu asilimia wakati mwenzake anajinyima chakula mtaa wa pili, na anapokubali, hakubali kwa sababu ameona haki ilipo. Gandhi alikiri kwamba kufunga kwake kuliwashinikiza wenye viwanda na kwamba kuliacha doa. Wapo wanaoona kukiri huko kuwa unyenyekevu wa kupindukia. Mimi naona alikuwa sahihi. Huruma ikitumiwa kama kabari huacha kuwa huruma, na meneja anayepata mkataba kwa kuwaonyesha watu jinsi anavyoteseka kwa ajili yao amewanyima nafasi ya kumkatalia.

Siku tatu baadaye, tarehe 18 Machi, suluhu ilipatikana, na umbo lake ni la ajabu kidogo. Wafumaji walikuwa wameapa kutorudi bila 35. Wenye viwanda nao walikuwa wameapa kutozidisha 20. Kwa hiyo siku ya kwanza ya kurudi kazini mshahara ulilipwa kwa nyongeza ya asilimia 35, ili kiapo cha wafumaji kitimie. Siku ya pili ulilipwa kwa asilimia 20, ili cha matajiri nacho kitimie. Kuanzia siku ya tatu ikawa asilimia 27.5, ambayo ni katikati kabisa, mpaka msuluhishi atoe uamuzi. Msuluhishi aliyekubaliwa alikuwa Anandshankar Dhruva, msomi wa Kisanskriti na falsafa. Gandhi hakuwaficha wafanyakazi kwamba kiapo kilikuwa kimetimizwa kwa herufi zaidi ya roho yake. Mwenye kupenda kucheka anaweza kucheka; lakini watu waliorudi kwenye mitambo siku ile walikuwa pande zote mbili hawajavunja neno lao mbele ya umma, na kwa wanaotakiwa kufanya kazi pamoja kesho yake hilo si dogo.

Sherehe haikwenda kama ilivyopangwa. Wenye viwanda walileta peremende na vitamu ili vigawiwe pale pale chini ya mti, mahali kilipoliwa kiapo. Ombaomba wa mji walisikia, wakaja, wakavunja mistari, na vitamu vingi vikaishia mavumbini. Ugawaji ukaahirishwa na kuhamishiwa kwenye ua wa nyumba mtaani Mirzapur. Mwezi Agosti Dhruva akatoa uamuzi wake. Ulikuwa asilimia 35.

Kuanzia hapo somo linahama kutoka kwa watu hadi kwenye utaratibu. Mwaka 1920 chama cha wafanyakazi wa nguo, Majoor Mahajan, kilianzishwa, Anasuya akiwa rais wake. Jina lenyewe lina maana: mahajan lilikuwa jina la vyama vya wafanyabiashara wa Gujarat, vilivyojisimamia tangu kale kwa kusuluhisha kesi za wanachama wao bila kwenda mahakamani, na sasa majoor, yaani kibarua, alikuwa amelivaa. Baraza la kudumu la usuluhishi liliundwa, Gandhi akiwawakilisha wafanyakazi na Mangaldas Girdhardas akiwawakilisha wenye viwanda. Malalamiko ya mfanyakazi yaliandikwa na kufuatiliwa kiwanda kwa kiwanda. Kati ya waliokaa miaka mingi wakiendesha kazi hiyo alikuwemo Gulzarilal Nanda, ambaye baadaye alikaimu uwaziri mkuu wa India mara mbili. Utaratibu huo haukuzuia kila balaa. Mwaka 1923 matajiri walipunguza mishahara, wafanyakazi wakagoma kwa zaidi ya miezi miwili, na wakarudi wakiwa wamekubali punguzo. Lakini lilikuwapo dawati la kupelekea neno, na halikutegemea kama tajiri wa mwaka huo ni Ambalal au mtu mwingine asiye na dada kama Anasuya.

Limebaki jambo ambalo wanaosifu kisa hiki huliweka pembeni. Vyumba vya kufumia na vyumba vya kusokotea havikuwa na watu wa aina moja. Mfumaji alipotaka kupitisha uzi kwenye tundu la kile kipande kinachouvusha kati ya nyuzi za mtande, aliuvuta kwa mdomo. Kifaa kilikwenda kutoka kinywa hadi kinywa, na kwa sheria za unajisi za matabaka, mtu wa tabaka lililoitwa lisiloguswa hakuruhusiwa kuingia katika mzunguko huo. Ufumaji ulikuwa na ujira mzuri zaidi, na ulibaki mikononi mwa Waislamu na Wahindu wa matabaka ya juu zaidi. Wasokotaji wengi walikuwa hao walioitwa wasioguswa. Chama kilipopangwa kwa idara za kazi, kilijikuta kwa kiasi kikubwa kimepangwa kwa tabaka. Huu nao ulikuwa urithi wa kale, na ulihalalishwa kwa maandiko na wenye elimu ya maandiko. Msomaji wa Gita anayetaka kusema kwamba anafuata hekima ya wahenga wa India analazimika kusema anafuata ipi, maana zote mbili zilikuwa ndani ya jengo moja, ukuta tu ukizitenganisha.

Mgogoro wa 1918, asilimia zake zote na kile kiapo chini ya mgunga, ulikuwa hasa wa wafumaji. Miaka miwili baadaye, Februari 1920, muungano wa kwanza wa wafanyakazi ulipozinduliwa Mirzapur, ulikuwa wa idara ya kusokota.